Feza Yenye Jina

Feza wangu,

Sikuulizi hali. Nakusikia hapo nyuma ya pazia ukigombana na mama yako juu ya pasi ya makaa, nani kaunguza kola. Kwa hiyo hali yako naijua. Yangu nawe unaijua: goti limelegea, ulimi bado.

Mama yako amekwisha kukuambia habari za maji ya kuchemsha, za wanaume wa melini, za misa ya Jumapili, na za kulifunga sanduku kwa kamba hata kama lina kufuli. Mimi sina la kuongeza. Mambo hayo sikuyaweza hata nilipokuwa na meno yote. Nimechukua kalamu kujibu swali lako la jana, maana jana nililijibu kwa mzaha, na tangu hapo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ulikuwa unakunja blauzi za kwenda nazo Kalemie kufundisha, ukauliza bila kuniangalia: "Baba, rafiki yangu ameniandikia kwamba walimu wa Kalemie wanacheza pokeri kila Jumapili alasiri, kwa pesa kweli. Nikiitwa, niende na kave ya ngapi?" Mama yako akafyonza. Mimi nikasema: "Beba ya kununua soda, na nauli ya kumrudisha kwao yule utakayemshinda." Mkacheka wote wawili, ukaendelea kukunja.

Kave, kwa mtu atakayeiokota barua hii njiani na kuisoma bila adabu, ni zile pesa ambazo mchezaji anaziweka mbele yake anapoketi, kabla karata hazijagawiwa. Ni Kifaransa. Na we mtoto unajua nani alikufundisha mchezo huo. Tulicheza kwa maharage, ukanila maharage yote, na jioni ile tukakosa cha kupika. Mama yako hajasahau. Lakini kwenye maharage hakuna kave. Ukimaliza unachota tena kwenye gunia. Nilikufundisha mchezo wote nikaacha kilicho kigumu, na nilikiacha makusudi. Utaona kwa nini.

Neno lenyewe nililijua zamani, ila nililijua vibaya. Kabla ya Uhuru nilikuwa boi kwa jaji mmoja, kule juu Kinanira. Chini ya nyumba yake kulikuwa na chumba cha baridi cha kuwekea mvinyo, nacho kiliitwa kave. Akisema nenda kave, nashuka ngazi kumi na moja, napanda na chupa. Uhuru ukaja, jaji akafunga mizigo, mi nikapata kazi ya kupima misumari katika duka la Mgiriki mmoja karibu na bandari, Bwana Kosta. Watu wengi bado walikuwa wakisema Usumbura, kisha wanajiziba mdomo na kusema Bujumbura.

Nyuma ya duka la Bwana Kosta, kati ya madebe ya rangi, palikuwa na meza ya pokeri kila Jumapili baada ya misa. Zamani mtu mweusi aliingia chumba kile na sinia mkononi, akatoka na sinia. Sasa Jumamosi moja karani wa forodha, kijana wa Gihosha mwenye tai fupi, akaniambia: "Baba Feza, kesho iko kiti. Njoo na kave yako."

Iko kiti! Ninyi mliozoea kuketi popote hamwezi kujua. Niliirudia njia nzima mpaka kwetu Buyenzi. Iko kiti. Na kesho yake nikavaa koti la harusi, nikanunua kasha zima la bia kwa mkopo, nikalibeba kichwani mchana kweupe, toka Buyenzi mpaka bandarini, watu wanatoka kanisani wananitazama. Nikaingia, nikasimama.

"We Baba Feza," karani akasema, "ni nini iyo kwa kichwa?"

"Si uliniambia nilete kave?"

"Kave ni feza, mutu wangu! Feza! Apana pombe!" Feza ya bandarini, yaani pesa, si wewe.

Bwana Kosta aliweka paji la uso juu ya meza, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Alipoinuka akasema hiyo ndiyo kave bora iliyowahi kuingia chumba kile, na nisiiguse, aifungue yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo nikaitwa Baba Kave. Ulidhani ni kwa sababu gani watu wa bandarini waliniita hivyo? Nilikudanganya kwamba ni jina la cheo.

Mfukoni nilikuwa na pesa za makaa tu, za wiki moja. Nikaketi nazo. Nikapata wafalme watatu, Feza. Wafalme watatu! Karani akasukuma mbele pesa kidogo, kama mtu anayesogeza chumvi. Mi nikaangalia karata zangu, sikuona wafalme, niliona gunia la makaa likiondoka kwa miguu yake. Nikazitupa. Baadaye akanionyesha alichokuwa nacho: hakuna. Hakuwa na kitu hata kimoja, mshenzi yule. Basi hilo la kwanza nililipata bure: ukija na kave ndogo mno, anayecheza si wewe, ni woga wako, na woga haujui kusoma karata.

La pili nililiona kwa mwanamke.

Aliitwa Anjelina, mjane wa Uvira, aliyeanika ndagala, visamaki vya ziwani, kule ufukweni na kuzipeleka sokoni kwa magunia. Ndiye mwanamke pekee pale mezani. Alikuja na kitenge chake na harufu yake ya samaki, akavuta kiti, akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge, akaweka pesa mezani na kusema, "Leo nimekuja na mvua moja." Kila Jumapili mvua moja. Nilidhani ni lugha ya Uvira ya kuhesabu. Siku moja nikamuuliza.

"We Baba Kave," akasema, "ndagala naanika kwa muchanga. Mvua ikinyesha mbele sijaokota, zinaoza zote, njo basi. Kila mwaka mvua inanikula mara moja, mara mbili. Nalia kidogo, napika, nalala, kesho narudia kazi. Sasa kiasi ile mvua moja inaweza kukula na mi nikalala, njo kave yangu. Aizidi. Na ikipunguka pia sikuje, mana nitaogopa."

Nimesikiliza mahubiri ya maaskofu wawili na hotuba nyingi za watu wenye bendera, Feza, na sijasikia mtu akijipima hivyo. Alikuwa amesimama katikati ya hasara zake zote na kuziangalia, akajua ukubwa wa ile anayoweza kuibeba bila kupinda mgongo. Kisha akaja kuiweka mezani, akaketi nyuma yake kwa raha kama mtu aliyekwisha kunyeshewa.

Na nilimwona akijaribiwa. Walikuwa wamebaki watatu: yeye, karani, na Bwana Kosta. Mvua yake yote ilikuwa imekwisha kuingia katikati. Karani na Kosta wakaendelea kupandishana wao kwa wao, likawa rundo la pili pembeni, ambalo yeye hana haki nalo, maana mezani pale mtu alishindania kiasi alichoweka tu. Rundo lile likawa mara tatu ya la kwanza. Bwana Kosta, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia: "Mama, tuma mutu nyumbani alete. Tunangoja. Ao sema tu, neno yako inatosha."

"Apana," Anjelina akasema. "Kwa nyumba iko feza ya nyumba."

Wakafunua. Anjelina alikuwa na malkia wanne.

Malkia wanne! Nimeishi miaka yote hii sijawaona tena pamoja. Akavuta rundo lake dogo. Lile kubwa akalichukua Bwana Kosta, kwa jozi mbili za kusikitisha ambazo hata mimi ningezionea haya. Mi nikamkodolea macho yule mama, nione uchungu utatokea wapi, mdomoni au kwenye mikono. Alikuwa anamenya karanga.

"Mama, aikuume?"

"Ile?" Akatazama rundo la Kosta. "Ile ni ndagala ya jirani."

Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yake, nywele za mkono zinasimama, na usiniambie ni uzee.

Kwa hiyo, jibu lako. Mimi sijui ni ngapi. Hujapokea hata mshahara wa kwanza, hujui Kalemie wanauza mihogo bei gani, hujui utaumwa mara ngapi. Kaa kwanza, upatwe na mambo. Utakapojua ni hasara ipi inaweza kukupata Jumapili na Jumatatu ukasimama mbele ya ubao ukafundisha watoto bila kuwapigia kelele, hapo utakuwa na namba yako, na haitafanana na ya mtu.

Baba mwenye akili angetia sahihi hapa. Barua ni nzuri, imetulia, mwanamke wa Uvira kaipamba. Nimeweka kalamu chini mara mbili nikijiambia imetosha. Lakini mimi nilimshangaa Anjelina kwa moyo wangu wote na sikujifunza kitu kwake. Hayo mawili yanakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana hata kidogo.

Ilikuwa Jumapili, mwaka ule ulipomaliza shule ya msingi na kupata nafasi kwa masista. Nilikwenda mezani na kave yangu ya haki, nimeipima vizuri, najisifu. Saa nane mchana ilikuwa imekwisha. Nikasema natoka kidogo, kama mtu anayekwenda chooni, nikapanda baiskeli mpaka nyumbani. Mama yako alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Wewe ulikuwa kisimani. Nyuma ya sufuria palikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake minervali, karo yako ya mwaka mzima, pamoja na pesa za kitambaa cha sare.

Juu ya kopo mama yako alikuwa amebandika karatasi. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa: FEZA.

Nimeishia darasa la tatu, lakini herufi nne hazinishindi. Niliisoma. Alikuwa ameandika jina lako. Na mimi, mbele ya Mungu na sufuria zake, nikajisomea "pesa." Kopo la pesa, pesa za nyumba, baba wa nyumba anaazima kwa saa mbili. Hivyo ndivyo nilivyolisoma, kwa hiari yangu, nikalifungua.

Niliporudi, nikaziweka mezani. Noti zilikuwa zimekunjwa mara nne na kufungwa uzi mweupe, unajua mama yako anavyofunga vitu. Anjelina akaangalia uzi.

"Baba Kave, hii imefungwa na mwanamuke. Inaitwa nani?"

"Feza," nikasema.

Meza nzima ikapasuka kwa kicheko. Walidhani ni mzaha wangu bora tangu kasha la bia: pesa inaitwa pesa! Hata mi nikacheka, mshenzi mimi. Anjelina peke yake hakucheka. Alikuwa ananijua, alikuwa anakujua, uliwahi kununua ndagala kwake ukamrudishia chenji aliyokosea. Akakusanya pesa zake taratibu, akazifunga kwenye kitenge, akasimama.

"Mi sicheze na feza iko na jina," akasema, akatoka.

Nilikuwa bado na nafasi ya kuinuka nyuma yake. Mlango ulikuwa wazi, baiskeli naiona. Nikabaki. Na unajua kilichonibakiza? Si tamaa. Nilikuwa na raha. Kwa mara ya kwanza pale mezani sikuogopa kitu, maana rundo lilikuwa kubwa mno kwangu, kubwa kiasi cha kutoonekana. Nilidhani huo ndio utulivu wa Anjelina. Haukuwa. Nikashinda mara mbili, nikaagiza bia kwa wote. Kisha nikapata jozi mbili, ya asi, karata kuu kuliko zote, na ya wafalme, nikasukuma kila kitu mbele kwa kiganja kimoja, kama mtu anayefuta meza. Karani alikuwa na sita tatu. Sita, Feza. Karata ambayo hata sura haina.

Uzi mweupe ulibaki mezani. Niliutia mfukoni, sijui kwa nini.

Mama yako alikuwa anachambua mchele nilipomwambia. Hakuinua uso. Alichambua sinia lote, akaanza tena upya lile lile lililokwisha kuwa safi. Mwishoni akauliza: "Na mutoto utamuambia nini?"

"Nitasema kwa masista nafasi zimejaa."

"Sema wewe. Uwongo uyu mi siuweke kwa kinywa yangu."

Nikasema mimi. Unakumbuka, ulikuwa umesimama na ndoo. Nikakuambia nafasi zimejaa, mwaka ujao watakuchukua. Ukasema "Sawa, Baba." Ukatua ndoo bila kumwaga hata tone.

Nafasi yako ilikuwepo, Feza. Ilikuwepo wiki tatu, kisha wakampa mwingine.

Mama yako hajakuambia mpaka leo, na pia hajawahi kuurudia uwongo wangu, hata mara moja. Kumbuka ulipokuwa ukimuuliza. Kila mara alisema, "Muulize baba yako." Ulifikiri amechoka na maswali. Nimelala pembeni ya mwanamke huyo miaka hii yote bado simfahamu. Ningekuwa mimi ningeliimba jambo lile sokoni.

Lakini siwezi kumaliza kabla sijakuambia nilichokiona kwako mwaka ule. Sikucheza tena. Baiskeli niliiuza kwa ajili ya minervali ya mwaka uliofuata, ukaambiwa imeibwa. Huo nao ni uwongo wangu, uweke pamoja na mwingine. Kwa hiyo Jumamosi, bila baiskeli ya kuzururia, nilikuwa nyumbani, nimekaa tu, nakutazama. Binti wa jirani alikuwa amepata shule, yule mvivu mwenye nywele nyingi. Kila Jumamosi alikuja umsuke bure, kwa sharti moja: wakati unasuka, akusomee masomo yote ya wiki kwa sauti. Na wewe ukachagua ile misuko midogo midogo, myembamba kama uzi, inayochukua kutwa nzima. Akilia kichwa kinauma, unamwambia, "Bado kidogo, soma ukurasa mwingine." Akimaliza daftari kabla ya kichwa, unafumua upande mmoja unasema umekosea.

Nilikuona ukifumua. Hukuwa umekosea.

Nilikaa pale kwenye kigoda nikishika goti langu, na nikaogopa, kwa namna mtu anavyoogopa ndani ya kanisa kubwa. Nilikuwa nimekunyang'anya mwaka, na wewe ulikuwa unautoa kwenye kichwa cha mtu, unywele kwa unywele. Ulipoingia kwa masista mwaka uliofuata wakashangaa umejulia wapi. Mimi nilijua. Nikapokea pongezi zao, nikanywa na soda yao.

Hapo katikati nilikutana na Anjelina sokoni. Akanipimia ndagala, akaongeza konzi moja, kisha akasema bila kuniangalia: "Umemwambia mwenyewe?" Nikasema bado ni mtoto. Akasema, "Atakua." Umekua. Meli ni kesho.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuichomeka barua hii katikati ya kamusi yako, uikute Kalemie, ziwa lote likiwa kati yetu. Ningekuwa nimesema, na nisingekuwepo. Sasa hivi nimesimama nikaitazama hiyo kamusi, iko juu ya sanduku, ningeweza kuifungua wakati huu huu mkigombana na pasi yenu. Nimerudi nimekaa.

Nitakupa mkononi, asubuhi, kabla ya chai. Mama yako nitamwomba abaki. Meli haiondoki kabla ya saa nne, una muda wa kuisoma mara mbili, nami nitakuwa kwenye kiti kilicho mbele yako, kimya, jambo ambalo hujawahi kuliona. Ukitaka kusema, sema lolote, hata lile ambalo mtoto hamwambii baba. Ukitaka kwenda bandarini na mama yako peke yake, nitalitoa sanduku mpaka barabarani na kurudi ndani. Sitakuomba unihurumie kwa sababu ya goti.

Nitakuwa nimeoga na kunyoa ndevu.

Baba yako